Chumba cha Chini Bondeni

Kemunto,

Salamu sikupi hapa. Nitakupa kesho kwa mkono ukiamka. Karatasi hizi ni za yale ambayo mdomo wangu umeshindwa kuyasema wiki nzima, na ninayaandika Jumamosi hii mchana wakati wewe umeenda kuchukua lori la kuhamia. Nimekaa jikoni katikati ya maboksi yako. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini, na cha kazini kina adabu nyingi, na leo mimi nina hasira. Ukikuta neno hulijui, mpigie shangazi yako umuulize, lakini usiruke mstari.

Sitakuandikia mambo ya kufunga milango na kubadilisha mafuta ya gari. Hayo unayajua kunishinda, na pia nimechoka kuwa mama wa mambo madogo madogo. Uelewe tu kwamba hata hasira yenyewe naibana. Una jina la mama mkwe wangu, na kwetu Kisii mtu hamgombezi mama mkwe wake, hata akiwa ndani ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Kwa hiyo namwomba bibi yako radhi kwanza, halafu naendelea.

Nianze na siku ile uliyoniambia umenunua nyumba. Ulikaa hapa hapa, kikombe cha kahawa mbele yako, soksi miguuni, kwa sababu kazi yako ya kompyuta haihitaji viatu. Ukaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mum, let's do pros and cons, sawa? Moja, ni quiet. Mbili, ni safe. Tatu, iko na space. Alafu basement iko na room yako, bathroom yako, hata mlango yako ya nje."

"Na ubaya wake?" nikakuuliza.

Ukainua kidole kimoja tu. "Ni far kidogo na church. But si utakuwa unawatch online?"

Nilicheka, nawe ukadhani nimefurahi. Ukanionyesha kwenye simu rangi uliyochagua kwa ukuta wa kile chumba cha chini ya ardhi, bluu iliyofifia, ukasema ni rangi ya kutuliza. Kemunto, mimi si mgonjwa. Nyumba hii tumeiuza, mnunuzi anaingia mwisho wa mwezi, na mpango wako ni kwamba wewe utangulie kesho na mimi nifuate. Sijawahi kusema nitafuata. Hukuniuliza kama nitakuja, uliniuliza tu kama bluu ni nzuri.

Nimeishi katika bonde hili la Mto Minnesota tangu una miaka tisa, na hiyo nyumba yako mpya iko bonde lile lile, mbele zaidi kufuata mto, mahali ambapo juzijuzi palikuwa shamba la mahindi. Kwa hiyo kama ni kupima uzuri na ubaya wa bonde, ungemwachia nafasi mtu aliyelipima kwa miguu yake. Sikupata nafasi hiyo, basi naichukua sasa.

Nisiwe mnafiki. Bonde limenipa vitu. Nilipokuwa nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nililala mchana hapa kama mtoto aliyeshiba, hakuna wa kugonga ukuta, hakuna redio ya jirani. Shule ya hapa ilikuchukua ukiwa mtoto anayenong'ona, ikakurudisha msichana wa kubishana na walimu. Udongo wa huku chini ni mweusi, mto wenyewe uliuleta, na managu, mboga zetu za nyumbani, niliyopanda nyuma ya gereji yaliota mpaka nikawa nawagawia watu kanisani kwa mifuko. Na kuna ukungu. Baba yako alikuwa akisimama dirishani asubuhi, chai mkononi, ukungu umejaa bonde zima, anasema, "Angalia, Kisii imenifuata." Nilimpenda sana akisema hivyo. Hata sasa nikiuona ukungu ule huwa nasimama kidogo.

Lakini managu yale kulungu waliyala. Kulungu wa huku hawana haya, wanakula huku wanakutazama, na ukiwafukuza kwa ufagio jirani anakutazama wewe. Majira ya baridi, baridi yote ya Minnesota inateremka kutafuta pa kulala, na inalala kwetu. Juu kule watu wanasema leo afadhali, sisi huku chini bado tunakwangua vioo vya gari. Barabara ile ya kilima ikishika barafu, kushuka unateleza, kupanda unakwama. Wewe hukumbuki, ulikuwa umelala, lakini niliwahi kuingia mtaroni nikiwa na sare za kazi, nikakaa mle ndani ya gari nikisubiri wa kunivuta. Magari yalipita. Kila dereva alipunguza mwendo, akanitazama kwa huruma, akaongeza mwendo.

Halafu theluji ikiyeyuka mto unapanda, daraja letu linafungwa, na safari ya upande wa pili inakuwa ya kuzunguka nusu ya jiji. Basi la abiria linakuja asubuhi kuwapeleka wenye ofisi mjini, linawarudisha jioni, imekwisha. Na huko kwako hata hilo halifiki. Nawe unajua daktari amenikataza kuendesha gari giza likiingia, na huku Desemba giza linaingia kabla sijaosha vyombo vya mchana. Kwa hiyo hicho chumba chako cha chini kina mlango wake wa nje, sawa. Mlango wa kwenda wapi?

Hayo yote ningeyavumilia. Mtu havunji nyumba kwa sababu ya kulungu. Kinachonichoma ni kingine, na nimekimeza tangu baba yako afariki.

Unakumbuka ile jioni ya pili. Tulikuwa tunangoja taratibu za kumsafirisha kwenda Kisii. Theluji ilikuwa inaanguka, nami nilikuwa juu chumbani, nimekaa upande wake wa kitanda, kitambaa kimenianguka kichwani na sikukiokota. Nilikuwa nawangoja akina mama wa Brooklyn Center, tulikokaa kabla ya kuhamia bondeni. Nilijua watakuja. Msiba ukitokea, wanakuja, huwaiti. Wanakuja na thermos za chai na masufuria yamefungwa kwa leso, wanasukuma viti ukutani, wanaimba, wanasali, mmoja anaosha vyombo, mwingine anajibu simu zako, na hakuna anayekuuliza unahitaji nini.

Nilisikia magari. Nikasikia mlango. Nikasikia sauti yako, ile ya chini, ya adabu, unayotumia kwenye mikutano yako ya kazi.

"Asanteni sana for coming, Auntie. Mum amelala, she needs her rest. Mnaweza tu kuacha chakula."

Mama Kerubo, aliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea, akajibu, "Sawa mama. Mwambie tulikuja."

Sikuwa nimelala, Kemunto. Nilikuwa natafuta kitambaa changu sakafuni ili niteremke nikiwa na heshima. Kisha nikasikia magari yananguruma, moja, lingine, lingine, nikadhani ndio watu wanazidi kufika. Nilifurahi. Mjane wa siku mbili, nilifurahi! Nilipofika chini ya ngazi nikakuta masufuria yamepangwa mezani na wewe unayafunika vizuri kwa karatasi ya foili, na nyumba imenyamaza. Ulinikumbatia ukasema, "Nimewaambia wakupe space." Ulikuwa unalia. Ningekupiga kofi, lakini ulikuwa unalia kwa ajili ya baba yako, nami nikakukumbatia pia.

Nisikilize. Mfiwa akilala, watu wanakaa. Ndiyo maana ya kuja. Wanakaa ili akiamka akute kuna mtu, hata kama ni mmoja anayesinzia na viatu vyake. Hakuna mtu anayevuka jiji kwenye theluji kuleta sufuria. Sufuria ni kisingizio cha kuingia.

Kesho yake hawakuja. Habari ilikuwa imeshafika kila mahali: Mama Kemunto ameomba apumzike. Walituma ujumbe kwenye simu, walituma maua, wachungaji wakaomba nami kwa simu. Jioni zile zote mpaka tunapanda ndege tulikaa wawili, wewe na mimi, kwenye nyumba yenye nafasi. Kidole chako cha tatu kile. Nafasi tulikuwa nayo, wallahi.

Kwa muda mrefu hasira hii nilikuwekea wewe peke yako. Nilikuwa nakupikia nikiwa nayo, nakuuliza habari za kazi nikiwa nayo. Kisha nikajiuliza, huyu mtoto angejifunzia wapi? Nikarudi nyuma, nikafika mpaka siku tuliyohama, na hapo hasira ikapata mtu wa pili wa kumshika.

Ile nyumba yetu ya kupanga Brooklyn Center haikuwa na mlango, ilikuwa na njia. Mtu akitua kutoka Kenya alilala sebuleni kwetu mpaka apate kazi. Ulikuwa unafanya hesabu zako za shule chini ya meza kwa sababu juu ya meza palikuwa na watu. Baba yako alianza kusema, "Mtoto anasoma saa ngapi hapa?" Nami nilikuwa nimechoka kuchemsha chai ya ukoo wa kila mtu. Tulipopata nyumba hii bondeni tuliwaambia watu tumetoka. Neno hilo, tumetoka, nililisema kwa raha sana pale kanisani, na waliobaki walilisikia.

Baada ya hapo misiba ya wenzangu ilitokea, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikawa na sababu. Daraja limefungwa. Nina zamu. Barabara ina barafu. Nikawa natuma mchango kwa simu na maneno mazuri ya pole. Hata mara chache nilizokwenda, nilikuacha nyumbani na kompyuta yako, nikisema wewe una mtihani, mambo ya msiba si ya watoto. Hujawahi kukaa kwenye mkeka wa mtu aliyefiwa hata mara moja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nilikuwa nawarushia wenzangu fimbo kutoka huku bondeni kisha nashangaa walipoamini haraka kwamba siwataki mlangoni. Wewe ulitamka tu kile ambacho mimi nilikuwa nimekisema miaka mingi bila kufungua mdomo. Sikusamehi kwa sababu hiyo, lakini nimeacha kukukasirikia peke yako.

Usifikiri nawalaumu Wazungu pia. Dale, jirani yetu wa mkono wa kushoto, tangu baba yako afariki ameondoa theluji mbele ya gereji yangu kila inapoanguka. Nikitoka kumshukuru anainua mkono na kuingia kwake. Mtu mzuri. Hajui jina langu, nami la mke wake nililijua siku alipolazwa hospitali, nikaliona kwenye kadi ambayo majirani walitupitishia mlangoni tutie sahihi. Niliwapelekea chapati. Dale alizipokea pale pale kizingitini, akanishukuru sana, akafunga mlango taratibu. Niliporudi nilijua kwa nini wewe ulifanya ulivyofanya. Ndivyo unavyoona majirani zako wakipendana tangu utoto.

Basi, ukitaka kupima nyumba, usiipime siku ya jua na wakala wa nyumba amewasha mishumaa yenye harufu ya maandazi. Ipime siku mbaya. Jiulize nani atakuja, na akija ataegesha wapi, na utamfungulia au utamwambia aache sufuria. Mimi na baba yako hatukujiuliza. Tuliangalia jiko na bafu na shule. Sijui kama tungejiuliza tungebadili nia, baba yako alikuwa mbishi na mimi nilikuwa na maringo, lakini angalau tungejua tunanunua nini.

Sasa nikueleze nilikokwenda Jumanne iliyopita nilipokwambia naenda kutafuta viatu.

Nilikwenda kwa Mama Kerubo. Bado yuko kwenye lile jengo letu la zamani, ghorofa ile ile. Nilimkuta anasonga ugali. Hakuniambia karibu, aliniambia, "Funga mlango, baridi inaingia." Nikakaa. Akaendelea kusonga. Nikamwambia, "Jioni ile mlipokuja, nilikuwa macho."

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa natafuta kitambaa."

Alikaa chini, ugali ukaungua, na hakuna aliyeinuka. Kisha akaanza kunigombeza, Kemunto, na sijawahi kugombezwa vizuri namna ile tangu mama yangu afe. "Miaka yote hii! Sisi tulisema akufukuzaye hakwambii toka, tukaona basi, Mama Kemunto ni mtu wa bondeni sasa. Tulilia kwenye gari mpaka darajani! Na wewe uko juu unatafuta kitambaa? Si ungeteremka kichwa wazi?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani, na sisi tumekuona ukizaa?"

Tulilia, tukacheka, tukakwangua ule ugali tukaula hivyo hivyo. Nikiondoka akaniuliza nahamia wapi nyumba ikishauzwa. Nikamwambia habari za chumba cha chini, mlango wake wa nje, bluu yake ya kutuliza. Akasema, "Wewe unapenda kufukiwa ukiwa hai?" Kisha akanipeleka kwa msimamizi wa jengo.

Kwa hiyo siji, mwanangu. Nimechukua chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili, jengo lile lile la Brooklyn Center. Kina kelele. Mtu wa juu anatembea kwa visigino, lifti inanuka mafuta ya kukaangia, na maegesho yakijaa watu wanagombana kwa lugha nne. Basi linasimama mbele ya duka la mwanamke wa Liberia, na nimeshahesabu kwamba kanisani nafika bila kumwomba mtu yeyote anipeleke. Hayo ndiyo mazuri na mabaya yangu, na sikuhitaji vidole vyote.

Wewe nenda bondeni kwako. Sikukatazi, na Mungu akubariki pale, nasema kweli. Umefanya kazi, umenunua nyumba peke yako kabla ya kuolewa, na baba yako angetembea kifua mbele kila Jumapili kuwaambia watu. Naona fahari mpaka inanikera. Kile chumba cha chini mpe mtu aliyetua juzi kutoka nyumbani, asiye na pa kulala. Atakuchosha, atamaliza maji ya moto, atapika dagaa wa omena nyumba inuke wiki nzima. Mwache apike.

Na kesho mambo yatakuwa hivi. Sitangoja mwisho wa mwezi, funguo za hapa nitampa wakala. Kitanda changu, godoro, kabati dogo na vyombo vyangu vitapakiwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa lori, ili vishuke kwanza. Najua Brooklyn Center iko kaskazini na wewe unaelekea kusini. Utazunguka. Usibishane nami barabarani, unajua nikikasirika napandwa na presha.

Mama Kerubo na wenzake watakuwa chini wanatungoja kubeba. Ni wale wale wa jioni ile. Utateremka kwenye lori, utawapa mkono mmoja mmoja, na hutaeleza kitu, kwa sababu mimi nimeshaeleza. Watakwambia upande unywe chai. Utapanda. Usiseme lori linadaiwa kurudishwa, usiangalie simu. Kaa nao. Na mimi nikisinzia kwenye kiti, niache nisinzie, na mtu yeyote asiondoke.

Mama yako